Firigisi Alikula Felista

Felista kafa. Tumemzika juzi, na mimi nimelia, na asije mtu akaniambia nimelia kinafiki, maana niliwaona pale msibani wananitazama kwa pembeni. Wanajua mimi na yeye tulikuwa tunataniana mpaka watu wanatoka chumbani. Baada ya kuzika tukarudi nyumbani kwake, wanawake tukakaa kwenye mikeka, padri akala akaondoka, na sisi wazee tukatengewa kuku. Binti yake mkubwa, Modesta, akaja akapiga magoti mbele yangu. Mtoto ana adabu, sijui kaitoa wapi, kwa mama yake haikuwepo. Akasema, "Mama mkubwa, shikamoo, karibu chakula." Nikaitikia marahaba, nikanawa. Naangalia sahani: wali, mchuzi, na juu ya wali, peke yake, imekaa kama askofu kwenye kiti chake, firigisi. Mkono wangu ukabaki hewani. Mwenzangu wa pembeni akaniuliza, "Huli?" Nikamwambia ningoje kidogo. Nimepita miaka themanini, meno yaliyobaki ni ya kutafutana, nimekula kuku wa harusi na wa misiba wasiohesabika, lakini firigisi ile ilinichukua mzima mzima ikanirudisha Kariakoo, uani kwa Bi Mwanaidi, mwaka ule tuliobatizwa mimi na Felista.

Msiniulize habari za ukoo. Watu wakisimulia maisha yao wanaanza na babu, alitoka wapi, alipigana na nani. Mimi nilikuwa nakaa na shangazi yangu, dada wa baba, anaitwa Veronika, nilikuja kwake mdogo sana nikiwa bado nabebwa mgongoni, na yeye hakuzaa. Basi, ukoo umeisha. Tulikuwa na chumba kimoja katika vyumba sita vya nyumba ya Bi Mwanaidi. Ukiingia mlango wa mbele kuna ukumbi mrefu mwembamba, vyumba vitatu huku, vitatu huku, halafu unatokea uani, na uani ndiko yalikokuwa maisha. Chumba chetu kilikuwa cha mwisho mkono wa kushoto, jirani na jiko, kwa hiyo moshi wote wa nyumba ulikuwa mpangaji mwenzetu. Kitanda cha kamba kimoja, tunalala mzungu wa nne, miguu yake usoni kwangu. Na kila mahali, nguo nyeupe. Shangazi alikuwa anafua na kunyoosha nguo za kanisani: vitambaa vya altare, kanzu za mapadri, zile zenye lesi chini. Alikuwa anakamua wanga wa muhogo mwenyewe, anauchuja, anauanika, halafu anatia bluu kidogo tu, anapiga pasi ya mkaa mpaka kitambaa kinasimama chenyewe. Bi Mwanaidi akipita anachungulia mlangoni. Alikuwa mtu wa Pwani hasa, maneno yake anayavuta kama anavuta uzi kwenye sindano: "Heeee, Veronika weye, Mungu wenu ana nguo nyingi kuliko sultani."

Wakatoliki pale mtaani tulikuwa wa kuhesabu. Wengi watu wa kusini, waliokuja kufanya kazi bandarini au reli, na wake zao. Kulikuwa na kanisa kubwa mjini, kule karibu na bandari, lenye mnara, lakini ukienda kule mabenchi ya mbele wamekaa wazungu, nyuma yao Wagoa, wale Wahindi Wakatoliki, na kofia zao na manukato, na wewe mtu wa Kariakoo unasimama mlangoni unasikia misa kwa kisogo. Kwa hiyo tulipopata kanisa letu wenyewe upande wetu, watu walilipenda kama mtu anavyopenda chumba chake baada ya kukaa kwa watu. Miaka ile vijana kwenye vibaraza wameanza kunong'ona habari za chama na uhuru, na sisi watoto tunanong'ona habari za ubatizo. Msidhani ubatizo ulikuwa jambo dogo. Unasoma dini mwaka mzima, mchana jua linachoma, umekaa chini kwenye sakafu, na mwishoni padri anakuuliza mwenyewe. Ukishindwa unarudi nyuma, unaanza na wadogo, na mtaa mzima unajua.

Mimi shule sikwenda. Kuandika sijui mpaka leo, ninayosema hapa anaandika mwingine. Lakini masikio ninayo. Mwalimu wetu wa dini, Mwalimu Gaudensi, alikuwa mtu mrefu kutoka upande wa Songea, sauti yake inatokea puani, na kila sentensi anaimalizia juu kama anapanda ngazi. Alikuwa anasema, sisi tunarudia. Wenzangu walirudia maneno. Mimi nilirudia maneno na pua. "Mungu yupo waaapi?" Nikirudi uani naweka ndoo kichwa chini nasimama juu yake, nawafundisha dini wanawake wa Kiislamu wanaochambua mchele, kwa sauti ya Gaudensi yule yule, na mkono mmoja nimeshika ukosi wa kanzu ambayo sina. Bi Mwanaidi anacheka mpaka anashika ukuta. Ndivyo nilivyojifunza katekisimu yote, kwa kuwachekesha watu wasio Wakristo.

Felista alikuwa anakaa mtaa wa Gerezani, kwenye nyumba za reli. Baba yake alikuwa karakana ya gari moshi, na mama yake, Mama Philipo, alikuwa rafiki wa shangazi, walijuana sokoni. Felista ni jina alilopata kwa maji, lakini nitamwita hivyo toka mwanzo nisiwachanganye. Alikuwa mtoto wa kuudhi. Mzuri, shingo ndefu, hasemi sana, na akisema anasema polepole kama anaweka mayai chini. Kila mtu anamsifu. "Felista ametulia." Mimi ndiye niliyejua majibu yote, lakini hakuna mtu aliyesema Tabu ametulia. Tabu ndiyo mimi, ndilo nililopewa na baba, na wala sikuwahi kumuuliza kwa nini.

Siku moja mchana nimelala chumbani, pazia limeshuka, wao wako nje kwenye mkeka, shangazi anachuja wanga. Nikamsikia Mama Philipo anazungukazunguka. Alikuwa na tabia hiyo, kama anataka chumvi anaanza na habari za mvua. Akazungumzia mvua, akazungumzia bei ya samaki, akaja mwisho kasema, "Mama Veronika, mimi na baba yake tumekaa, tumeona hakuna mwingine. Tunataka Felista umsimamie wewe."

Lazima niwaeleze kusimamia, maana siku hizi msimamizi anachaguliwa kwa kuangalia nani ana gari. Enzi zetu msimamizi wa ubatizo alikuwa mama mwingine kabisa. Anakushika bega wakati unamwagiwa maji. Anakutafutia gauni jeupe, shela na mshumaa. Siku ile ya ubatizo huli kwenu, unakula kwake, ndiyo mila, chakula chako cha kwanza cha Ukristo unakula kwa mama yako wa ubatizo. Na toka siku hiyo unamwita mama. Si mama fulani. Mama.

Nyuma ya pazia nikatega sikio. Nilijua shangazi atakavyojibu. Atasema, samahani, mimi ninaye wa kwangu wa kumsimamia, yuko ndani amelala. Nikasikia maji ya wanga yanadondoka kwenye beseni, tone, tone. Halafu akasema, "Sawa. Mleteni Jumamosi nimpime gauni."

Nilitoka mle ndani kama nimekanyaga kaa la moto. Mama Philipo alipoondoka nikamwuliza shangazi, "Na mimi je?" Shangazi hakuinua uso. "Wewe utapata wako." "Nani?" "Mwalimu atakutafutia. Chukua hii ndoo ukamwage." Ndiyo maelezo niliyopewa. Shangazi hakuwa mtu wa maelezo. Ukimuuliza kwa nini jua linazama atakuambia kachukue kuni.

Jumamosi Felista akaja. Kabla ya hapo tulikuwa tumeenda dukani kwa Ratilal, Mhindi aliyekuwa anauza vitambaa mtaa wa pili, na mimi nikabeba kikapu. Ratilal akaitandaza poplini juu ya meza, anaipigapiga kama mgongo wa mtoto. "Veronika, hii osha, osha, osha, iko vile vile. Mutoto atakuwa bibi, gauni iko vile vile." Akanitazama mimi. "Hii mutoto?" Shangazi akasema, "Hapana, mwingine." Mwingine. Na kikapu nimebeba mimi, na poplini imekaa ndani ya kikapu, nyeupe, baridi, nzito kama mtoto mchanga. Nilibeba gauni la Felista kichwani mwangu kutoka dukani mpaka nyumbani.

Sasa fikiri mwenyewe. Chumba kimoja. Gauni likashonwa kwa fundi, likarudi, shangazi akalitia wanga, akalipiga pasi, akalitundika kwenye msumari. Msumari uko wapi? Juu ya kitanda, upande wa kichwa changu. Nafungua macho asubuhi, naona gauni la Felista. Nafumba macho jioni, mwisho ninachoona ni gauni la Felista. Mikono imejaa kama puto, na kiunoni mkanda, na chini lesi, lesi ile ile ya kanzu za mapadri, shangazi alibakiza kipande akakishona mwenyewe kwa mkono. Upepo ukiingia dirishani linatingishika kama linanicheka. Bi Mwanaidi akaja kuliona, akaligeuza, akasema, "Hili la Tabu?" Nikasema mimi kabla shangazi hajafungua mdomo: "La mtoto wake." Bi Mwanaidi akamtazama shangazi. Shangazi akatazama pasi.

Kila Jumamosi Felista anakuja, eti shangazi amsikilize sala. Kaja na sauti yake ya mayai: "Shikamoo mama." Hajabatizwa bado, ameshaanza kuita mama. "Marahaba mwanangu." Mwanangu. Mimi hajawahi kuniita mwanangu hata siku moja. Mimi nilikuwa "we Tabu." We Tabu maji, we Tabu mkaa, we Tabu funga mlango kuku wanaingia. Felista anakaa kwenye kigoda, mimi nimechuchumaa napepea moto. Anakosea sala katikati, shangazi anamwambia taratibu, rudia. Mimi nikikosea, na nilikuwa sikosei, lakini ningekosea, ningepigwa mwiko. Wakati wa kula anatengewa mbele, kwenye sahani ya bati yenye maua, ile ambayo sisi tulikuwa hatuigusi. Sisi tulikuwa tunakula kwenye sinia. Halafu akishaondoka, amefutwa mdomo kwa khanga na kupelekwa mpaka njiani, mimi na shangazi tunakaa na sufuria katikati yetu, kila mtu kijiko chake, tunakwangua ukoko. Krrr, krrr. Nilikuwa nakwangua kwa hasira, na yeye anajua ni hasira, anasogeza sufuria upande wangu.

Mimi wakanipa Mama Apolonia. Huyu alikuwa msimamizi wa wasio na wasimamizi. Kila mwaka Mwalimu Gaudensi akiwa na mtoto hana mtu, anampeleka kwa Mama Apolonia, na mwenyewe alikuwa ameshawasimamia mpaka majina yao hayakumbuki. Alikuwa mzee mwema kabisa, ila alikuwa na maradhi ya usingizi. Anaanza neno akiwa macho, analimaliza akiwa amelala. "Karibu mjukuu wangu, kaa hapa nikuam..." Basi. Unakaa unangoja. Alikuwa na gauni moja la ubatizo, analiazimisha kila mwaka, anaanika linanuka dawa ya nondo, likiwa kubwa linabanwa kwa pini, likiwa dogo unabana pumzi. Kwangu lilikuwa kubwa. Nilikwenda kulijaribu, nikasimama katikati ya chumba chake mabega ya gauni yako kwenye viwiko vyangu, namwuliza, "Bibi, nimependeza?" Kalala.

Hapo ndipo nikatengeneza shauri langu. Nilijua siku ya mtihani padri atatuita mmoja mmoja mbele ya watu wote, na baada ya maswali atauliza, msimamizi wako nani. Wewe unajibu kwa mdomo wako, na msimamizi anasimama. Nikasema moyoni, mimi nitajibu yote, sitakosa hata moja, padri atafurahi, halafu nitamtaja shangazi. Mbele ya padri atakataaje? Mtu atasimama kanisani akatae mtoto wa kaka yake? Atasimama tu. Na Felista atachukua Mama Apolonia, wakalale pamoja.

Siku ikafika, masika bado inanyesha, kanisani kunanuka nguo mbichi na matope. Padri wetu alikuwa mzungu wa ndevu nyekundu, Kiswahili chake alikuwa anakitafuna kama nyama ngumu. "Wewe. Kuja. Sema mimi." Felista akaitwa kabla yangu. Akakosea mawili. Padri akatingisha kichwa, lakini Felista akainamisha ile shingo, padri akalainika, "Haya, haya. Misimamizi?" "Mama Veronika." Shangazi akasimama, khanga mpya, akakaa. Watu wakaguna vizuri.

Nikaitwa mimi. Padri akauliza, nikajibu. Akauliza, nikajibu. Jibu la tatu, sijui shetani gani alinipitia, nikalitoa kwa pua ya Gaudensi, na kupanda ngazi mwishoni. Kisha mtu mmoja nyuma akaanza kucheka, akazuia, ikatoka kama chafya. Padri akamtazama Mwalimu Gaudensi, akanitazama mimi, ndevu zikaanza kutikisika. "Huyu," akasema, "huyu najua sana. Najua hata muwalimu." Kicheko kikalipuka mabenchi yote. Mwalimu Gaudensi mwenyewe akawa anatazama dari. Nikaona sasa ndiyo saa yangu. Padri akauliza, "Misimamizi?" Nikasema kwa sauti yangu mwenyewe, kubwa, "Shangazi yangu. Yule pale."

Mama Apolonia alikuwa ameanza kunyanyuka, akabaki nusu. Felista akageuka akanitazama, na mara ya kwanza niliona uso wake umetoka kwenye utulivu. Shangazi alikuwa amekaa na mikono mapajani. Akasimama polepole. Padri akamtazama, "Veronika? Wewe iko mama yake mutoto huyu. Wewe liniambia siku ya kwanza, mimi ndiyo mama. Mama hawezi simamia mutoto yake. Kanisa inakataza." Mimi sikulijua hilo. Siku ya kwanza walipoandikisha watoto mimi nilikuwa nje nacheza. Watu wakaanza kunong'ona, si shangazi yule, mbona mtoto anasema shangazi. Mwalimu Gaudensi, nitamkumbuka kwa wema kwa ajili ya siku hiyo tu, akainama karibu na shangazi, akasema, na kwa ile pua yake hata kunong'ona kulisikika mpaka mlangoni, "Mama Veronika, si wewe ni shangazi tu? Shangazi anaruhusiwa. Sema tu, mimi ni shangazi tu, Padri abadilishe, mtoto afurahi, tuendelee."

Nisikilizeni hapa, maana nimelirudia jambo hili kichwani maisha yangu yote, na sauti zote nimeziiga, ya padri, ya mwalimu, ya wambeya wa benchi la nyuma, lakini sauti ya shangazi ya siku ile sijaweza. Haikuwa na kitu cha kushika. Haikupanda, haikushuka. Alisema, "Padri, huyu nimembeba mimi mgongoni. Surua yake nimeuguza mimi. Siwezi kusimama kanisani nikasema mimi ni shangazi tu. Kama mama haruhusiwi, basi mimi simsimamii." Akakaa.

Na mimi, kichwa cha jiwe, nimesikia neno moja tu. Simsimamii. Mbele ya watu wote. Mama Apolonia akamalizia kunyanyuka, akaniwekea mkono begani, mkono mwepesi kama jani. Njia nzima ya kurudi nyumbani nilitembea mbele, shangazi nyuma, na sikugeuka. Nilipofika uani nikakaa juu ya jiwe la kufulia nikalia kwa kelele. Bi Mwanaidi alikuwa anasuka ukili. Akaniacha nilie, akaona sinyamazi, akaniuliza. Nikamwambia yote, nikamwigiza padri, nikamwigiza Gaudensi katikati ya makamasi. Nikafika kwa shangazi nikasema, "Kanikana, kasema hanisimamii."

Bi Mwanaidi akaweka ukili chini. "Hebu rudia. Huyo mwalimu kamwambia aseme nini?"

"Mimi ni shangazi tu."

"Kasema?"

"Hajasema."

"Maneno manne," akasema Bi Mwanaidi, anayavuta moja moja, "manne tu, mwana weye, na angekusimamia, na gauni lile jeupe huko ndani lingekuwa lako, na mabalaa yote haya tusingekuwa nayo. Yamemshinda. Mie si mtu wa dini yenu, lakini nna masikio. Kanawe uso." Akachukua ukili wake. Baadaye kidogo akaongeza, kama anaongea na ukili, "Mimi nna watoto saba, na hakuna nilomkatalia padri kwa ajili yake."

Mnadhani wivu uliisha. Wala. Nilielewa, ndiyo, lakini kuelewa ni kichwa, na wivu unakaa tumboni. Asubuhi ya ubatizo mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha. Niliiomba mwenyewe, nakiri, nilisali kwa ile pua ya Gaudensi nikidhani inasikika zaidi. Mtaa wote tope. Mama Philipo kamleta Felista mpaka kwetu, shangazi kamvalisha gauni la poplini, kang'aa kama kitambaa cha altare, na tope limejaa hapo mlangoni linamngoja. Nikasema, Mungu mkubwa. Shangazi akatazama tope, akatazama lesi yake, akageuka akainama: "Panda." Akambeba mgongoni. Felista mrefu kama mnazi, miguu inaning'inia mpaka magotini kwa shangazi, shela inapepea, wanapita mtaani na wauza kahawa wanasimama kutazama. Na mimi nyuma, kwa miguu, nimekunja gauni la dawa ya nondo mpaka kiunoni, matope yamefika mapajani, namshika mkono Mama Apolonia asije akalala njiani.

Tukabatizwa. Maji ni baridi, chumvi ya kuwekewa ulimini ni chumvi. Yeye akawa Felista, mimi nikawa Skolastika, na mpaka leo naitwa Tabu. Halafu mila ikaja: kila mtu akale kwa mama yake wa ubatizo. Yaani Felista aende kwetu, mimi niende kwa Mama Apolonia. Nyumbani kwetu kulikuwa na kuku, niliyemfukuza na kumkamata mimi mwenyewe jana yake, na kuku wa kwetu alikuwa na sheria moja. Kwa watu wengine firigisi ni ya baba. Kwetu hakukuwa na baba, firigisi ilikuwa yangu. Toka nina meno. Kwa Mama Apolonia tulikula maharage, mazuri, simsengenyi marehemu, alilala kabla sijamaliza. Nikanawa nikakimbia nyumbani. Nimeingia uani, Felista amekaa kwenye kigoda, sahani ya maua mapajani, anatafuna. Anatafuna polepole, upande mmoja, namna mtu anavyotafuna kitu kimoja tu duniani. Namtazama mdomo. Anameza. "Ahsante mama," akasema. "Eh mwanangu," akasema shangazi.

Sikulia. Nilikwenda nikakaa kizingitini. Baada ya muda Mama Philipo akamchukua mtoto wake, wakaagana sana, wakaondoka. Shangazi akarudi, akafunga khanga kiunoni, akaipua sufuria akaileta kizingitini akaiweka chini kati yetu. Akanipa kijiko. Alikuwa bado amevaa nguo za kanisani. Tukaanza kukwangua. Krrr, krrr. Ukoko ulikuwa mwekundu, mnene, wenye nazi. Nikamwambia, bila kumtazama, "Firigisi amekula Felista." Shangazi akasema, "Mgeni apewe nini? Apewe ukoko?" Akasogeza sufuria upande wangu.

Nilimwita shangazi mpaka tunamzika. Felista alimwita mama, kwa sauti, mpaka kaburini, na wazee wetu mtaani wakawa wanamtambulisha yeye kama mtoto. Nilimwonea wivu kwa neno hilo maisha yangu yote, na yeye akiwa ameshakuwa rafiki yangu wa damu, tumezaa pamoja, tumefiwa na waume pamoja, nikikumbuka ile "ahsante mama" bado nilikuwa natafuta la kumuudhi. Na nilipata. Nilikuwa nikienda kwake namuuliza, "Mlipika kuku? Firigisi iko wapi, mwizi?" Anacheka kwa ile sauti ya mayai, hajibu.

Basi, pale msibani, mkono wangu bado uko hewani, Modesta bado amepiga magoti. Akaona sili, akaogopa. Akasema, "Mama mkubwa, mama mwenyewe ndiye aliyetuagiza. Kabla hajafa. Alisema siku ya msiba wangu firigisi mpeni Tabu." Wanawake kwenye mkeka wakacheka kwa machozi. Modesta akaendelea, "Na alikuwa na vituko. Akipika wali hapa nyumbani, ukoko hatugusi. Anatufukuza jikoni wote, anakwangua mwenyewe. Tukimuuliza anasema, nyie hamjui, mimi nilikuwa nasindikizwa mpaka njiani, halafu nyuma yangu nasikia watu wanakwangua."

Nikaitazama firigisi. Miaka yote hiyo, kaja kunilipa. Siku ambayo hayupo nimjibu. Nikaichukua kwa vidole viwili, nikaiweka kwenye sahani ya mwenzangu wa pembeni, nikamwambia kula wewe, wewe ndiye mgeni hapa. Halafu nikamwambia Modesta, "Mwanangu, nenda kaniletee sufuria. Lile kubwa la wali, na kijiko cha chuma."

Wakaja nalo watu wawili, wakaliweka kati ya miguu yangu, Modesta akakaa upande wa pili na kijiko chake. Nikakwangua kwa nguvu, nikakwangua kwa kelele, mpaka wanaume huko nje wakanyamaza. Nataka asikie.